Nashtuka kila simu ikiita, nifanyeje wakuu?

DadaTabata: Habari wakuu. Nina mwezi wa nne tangu niachane na mtu niliyekaa naye miaka mitatu, hajawahi kunipiga hata kofi ila simu ikiita mikono inatetemeka, usingizi hamna, nikimaliza kupika narudi jikoni mara tano kuangalia gesi. Alikuwa anasema naacha gesi wazi mpaka nikawa naupiga picha mtungi kabla sijatoka, jioni nikimwonyesha anasema hiyo picha ya jana. Hii hali inaisha baada ya muda gani?

Mzee wa Kimara: Binti, siku hizi hamna uvumilivu. Mimi na mama watoto mwaka wa 31, aliwahi kunificha viatu siku ya usaili bandarini, leo tunacheka.

FundiFriji: Mzee hivyo viatu ushavisimulia kila uzi 😂

Nesi Mbagala: Pole mdogo wangu. Mwili ulizoea kukaa chonjo, haujaamini kama umetoka. Na hawa watu leo anakutukana kesho analeta chipsi kuku na machozi juu, hiyo inamfunga mtu kuliko ngumi. Muhimbili kuna kliniki ya afya ya akili, nenda kaongee nao. Ila bado mnawasiliana?

DadaTabata: Kidogo tu.

Nesi Mbagala: Kidogo ndo nini?

DadaTabata: Nimelipa chumba Segerea kodi ya miezi sita, tunahamia Jumamosi, kirikuu nishaongea nayo. Msinishambulie jamani, kabadilika, kaenda hadi kwa mchungaji, na mimi nilikuwa na makosa yangu, nasahau sana.

FundiFriji: Kumbe unatafuta dawa ya kutoshtuka ili urudi vizuri!

PopoMchana: Hii chai. Kuna muvi ya 1944 ya Ingrid Bergman inaitwa Gaslight, mume anamfanya mke ajione chizi, taa za gesi zinafifia anamwambia ni mawazo yako. Wewe umebadilisha taa ukaweka mtungi.

Mzee wa Kimara: Viatu vyangu lakini ni kweli.

DadaTabata: Sijawahi kuiona. Mwanamke anaponaje?

PopoMchana: Anakuja mpelelezi, mtu baki tu, naye anaziona taa zinafifia.

DadaTabata: Nimefungua zile picha za mtungi. Zina tarehe na saa.

DadaTabata: Hivi mwenye nyumba anarudishaga kodi?

Mzee wa Kimara: Harudishi. Hata hivyo usihame.