Kanisa mmelibomoa, sasa hata ukuta uliobaki mnaupiga lipu ya saruji?

Ndugu wanajamvi,

Kanisa letu la zamani huku ufukweni, nje kidogo ya jiji la Mwanza, lilibomolewa ili kupisha jipya, na kwa hilo sikubisha sana, kwa kuwa kila Jumapili wengine tulikuwa tunasali nje juani. Ninacholalamikia ni masalia yake, yaani ukuta wa nyuma ya altare, sakafu ya mawe na kengele, ambavyo kamati ya ujenzi ilituahidi mbele ya waumini wote kwamba vitatunzwa.

Jumamosi nimekuta kirikuu kimepanda juu ya sakafu hiyo kikipakia matofali ya kuchoma ya kanisa hilo yanayouzwa kwa tripu, na jiwe la kizingiti, lile lililolika katikati kwa nyayo za babu zetu, limepasuka vipande viwili. (Akina mama wanaoanika dagaa hapo wasisingiziwe, dagaa hawajawahi kupasua jiwe.) Kengele imelala chini ya mwembe, mdomo juu, imejaa maji ya mvua.

Kibaya zaidi, fundi ameanza kuupiga ukuta lipu ya saruji, eti upendeze. Ukuta huo ni wa mawe na chokaa. Saruji hufungia unyevu ndani, chokaa ikamong'onyoka taratibu bila mtu kuona, na siku lipu itakapobanduka itaondoka na uso wa ukuta wenyewe. Chokaa inauzwa mjini, tena si ghali. Nani aliwakataza kuitumia?

Nilipouliza nilijibiwa kwamba sheria haituhusu. Ni kweli kwamba Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1886, na letu halifiki huko. Lakini hata misheni ya Bukumbi, mojawapo ya misheni za kwanza kabisa za Wakatoliki ukanda huu, ilianzishwa mwaka 1883, miaka mitatu tu kabla ya mpaka huo, kwa hiyo kwa kipimo hicho karibu makanisa yote ya zamani ya ukanda huu ni kifusi tu. Sheria hiyohiyo inampa Waziri mamlaka ya kutangaza majengo ya baadaye yalindwe, na hakuna kifungu kinachomzuia mwenye mali kutunza chake kabla ya kutangaziwa.

Ninataka fundi asimamishwe leo, kengele iingizwe sakristia, na maofisa wa Mambo ya Kale waitwe wapime na kupiga picha kilichosalia. Matofali yaliyouzwa sitarajii kuyaona tena, isipokuwa yale niliyoyakuta jana yamejengewa banda la nguruwe.