Kikaango cha chuma kile kizito kinanata kwa ndani na nje kina kutu, nifanyeje wakuu?

Kijiko Kirefu

Wakuu heshima kwenu. Kuna jamaa yangu kahama kaniachia kikaango cha chuma cha kusubu, vile vyeusi vizito ambavyo ukikinyanyua kwa mkono mmoja mkono unatetemeka. Kwa ndani kina mabaka ya kahawia yanayong'aa, ukipitisha kidole kinanata hasa pale kwenye kona ukuta unapokutana na kitako, halafu nje chini na kwenye mpini kuna kutu ya rangi ya chungwa ukigusa inabaki kwenye kidole. Yai nikikaanga nusu nakula nusu nabandua na mwiko.

Nimesoma huku na kule kila mtu na lake, mmoja anasema sabuni usiguse maisha yako yote, mwingine anasema kitupe kwenye moto mkali uanze upya, mwingine anasema mafuta ya kitani ndo kiboko yao. Na hapa nyumbani tayari kuna kesi maana waifu anakiosha na sabuni kila siku mimi namzuia, yeye anasema hapikii kwenye chombo ambacho hakijaoshwa na nikitafuta hoja ya kumjibu sina. Naomba anayejua anieleweshe, huo unato unatoka wapi, kutu naitoaje bila kuharibu chombo, na kwenye sabuni nani yuko sahihi maana nikishinda nataka nishinde kwa ushahidi. Nawasilisha.

Ngoja_Waje

Ngoja waje. Mimi kwa sasa niko upande wa shemeji.

DadaSufuria

Kabla watu hawajamwaga madesa hapa, kaka hebu tuambie ndani kina rangi ya kauri au ni chuma kitupu? Maana vipo vya kusubu vilivyopakwa enameli, ndani vyeupe au krimu, hivyo havina habari ya kupakwa mafuta na kuivishwa kwa moto kabisa, unaosha kama sahani yaishe, na ukianza kuvisugua na stiliwaya ndo unaviharibu.

Kijiko Kirefu

Dada ni chuma kitupu, cheusi ndani nje.

Mzee wa Moto

Sawa basi twende kazi. Huo unato mkuu ni mafuta ambayo hayakuiva, basi. Ile ngozi nyeusi unayoiona kwenye vikaango vilivyokaa vizuri sio rangi wala sio masizi, ni mafuta yaliyopakwa membamba yakapata moto wa kutosha mpaka yakabadilika kabisa, molekuli zake zikashikana zenyewe kwa zenyewe zikawa kitu kigumu kikavu kilichong'ang'ania chuma, yani sio mafuta tena na ndo maana ukigusa hakuna kinachobaki kwenye kidole. Sasa mtu akipaka mengi, juu yanaganda kidogo chini yanabaki mabichi, na yakichuruzika yanakwenda kukusanyika kwenye kona, umeona mwenyewe unato umekaa pale pale. Ni mambo ya rangi ya ukuta tu haya, mikono mitatu myembamba inashika, mkono mmoja mzito unachuruzika na kubanduka.

Kwahiyo tatizo la jamaa yako sio kwamba hakutunza, alikipenda sana akazidisha mafuta.

Kama unato ni mdogo, kisugue na maji ya moto, sabuni na stiliwaya, kikaushe, kigeuze kichwa chini kwenye oveni digrii 230 kama saa nzima halafu gusa kikishapoa. Mara nyingi yale mabichi yanamalizia kuiva na unato unaisha. Kama ni tabaka nene lenye michirizi, hilo halisaidiki, litoe lote uanze kwenye chuma.

kotambili

Mnamzungusha bure mtoa mada. Washa moto wa kuni mkubwa, tumbukiza humo, kesho asubuhi unakiokota kijivu safi kabisa hakina hata doa. Kazi imeisha.

fundi_vyuma

@kotambili huo ushauri ndo umeua vyombo vingi kuliko kutu. Chuma cha kusubu kina kaboni nyingi, asilimia 2 mpaka 4 hivi, ndo inayofanya kiwe kigumu lakini hakijui kupinda, kinachojua ni kupasuka. Moto wa kuni haupigi sawasawa, upande huu umewiva kabisa upande ule bado, kitako kinabenuka ukikiweka kwenye jiko la bapa kinazunguka, au unasikia "ta!" ufa huo hapo na ufa wa kusubu sio wa kwenda kuungia kwa fundi yeyote wa kuchomea. Hata kikitoka kizima kinaweza kuwa kimeungua chuma chenyewe, kinabaki na wekundu fulani hivi ambao mafuta hayashiki vizuri tena juu yake. Oveni zile zinazojisafisha zenyewe kwa joto kali nazo ziko kundi hilo hilo, usijaribu.

Na sababu hiyo hiyo, kikaango kikiwa cha moto usikimwagie maji ya baridi. Kiache kipoe kwanza.

Kemia Nusu

Njia salama ya kutoa tabaka lote la zamani ni kostiki soda, ile ya kutengenezea sabuni. Inakula mafuta yaliyoganda lakini chuma haikigusi, unaweza kukiacha humo siku kadhaa na chuma kisipungue chochote. Ila tahadhari ziko nyingi: glavu ndefu, miwani ya kukinga macho, chombo cha plastiki sio cha alumini kwasababu alumini inaliwa na kutoa gesi inayowaka, na unatia kostiki kwenye maji sio maji kwenye kostiki. Watoto wasisogee hata kidogo. Usiweke siki na kostiki pamoja, utakuwa umeziua zote mbili na kujirushia.

Kutu ni habari nyingine, kostiki haitoi kutu. Kutu unatoa na siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, lakini hapa uwe na saa mkononi: siki ikimaliza kutu inahamia kwenye chuma. Loweka nusu saa, toa, sugua na stiliwaya, tazama, kama bado rudisha. Ukisahau mpaka kesho utakuta chuma kimechimbika vitobo. Kwa kutu ya mpini na kitako kama ulivyoeleza mimi hata siki nisingehangaika nayo, stiliwaya na mafuta kidogo inatosha.

DadaSufuria

Naongezea hapo maana wengi wanakwamia hapa. Ukishasugua mpaka kimebaki kijivu, kazi inatakiwa iende haraka, chuma kitupu kikilowa kinaanza kuota kutu unaangalia kwa macho yako, dakika chache tu unaona umanjano. Osha, futa, kibandike jikoni hapo hapo maji yote yakauke, na kikiwa bado na uvuguvugu paka mafuta kila mahali, mpini, tundu la mpini, chini, pembeni. Halafu chukua kitambaa kikavu kisichotoa manyoya ufute hayo mafuta yote kana kwamba umejuta kuyapaka. Yote. Utaona kama hakuna kilichobaki, kipo. Hapa ndo watu wanabishana na mimi, wanaona huruma kufuta, wanaacha kidogo kining'ae, halafu wanarudi kulalamika kinanata.

Oveni 230 mpaka 260, kichwa chini, saa nzima, zima ukiache kipoe humo humo. Rudia mara tatu nne. Fungua madirisha, moshi utakuwepo na ndo dalili kwamba kitu kinatokea.

Kijiko Kirefu

Asanteni sana wakuu, nachukua notsi. Mafuta gani sasa? Na kama mtu hana oveni?

Mzee wa Moto

Alizeti, kanola, soya, mahindi, chochote cha maji maji ulichonacho jikoni kinafaa. Siagi hapana, ina maji na maziwa na mara nyingi chumvi, itaungua tu. Kitani nimeona kinasifiwa sana mtandaoni na kweli kinatoa weusi mzuri unaong'aa, shida yake ni kigumu kupita kiasi, ukianza kupikia kweli kweli kinabanduka vipande vipande vinaingia kwenye chakula. Na kama mtu bado anakitaka basi kiwe cha kula, sio kile cha kupaka mbao kilichoandikwa kimechemshwa, kile kinawekwa madawa ya metali ili kikauke haraka, sio kitu cha kwenda tumboni.

Bila oveni inawezekana, unapaka vile vile membamba unakiweka juu ya moto wa wastani mpaka moshi uanze na uishe, unarudia. Kasoro yake kitako kitaiva na kuta zitabaki nyuma. Sio mwisho wa dunia, kuta zitaiva taratibu ukiwa unapikia.

kotambili

Hapo kwenye sabuni mbona mnapakwepa? Sabuni inatoa mafuta, kikaango kimepakwa mafuta, hesabu rahisi hiyo. Watu wa zamani hawakuwa wajinga.

Kemia Nusu

@kotambili hawakuwa wajinga kweli, sabuni yao ndo ilikuwa nyingine. Ile ya kupika nyumbani kwa mafuta na kostiki au majivu mara nyingi ilibaki na ukali wa kostiki ndani, na nimesema hapo juu kostiki inafanya nini kwenye hilo tabaka. Sabuni ya maji ya leo ya kuoshea vyombo haina kitu hicho. Inatoa mafuta mabichi, na tabaka lililoiva sio mafuta tena kama alivyosema mzee. Kama sabuni ya matone mawili na sponji inakubandulia ngozi ya kikaango, basi hiyo haikuwa ngozi, yalikuwa mafuta ya jana.

Kinachoua ni kuloweka usiku kucha kwenye beseni, na mashine ya kuoshea vyombo. Hivyo viwili ndo vya kugombania ndani ya nyumba.

Ngoja_Waje

Shemeji 1, mtoa mada 0. Nilisema mimi.

Kijiko Kirefu

Hahaha basi nimekubali, ila namwambia kuhusu beseni maana huwa anakiacha humo. Angalau nipate sare.

fundi_vyuma

Kitu kimoja hakuna aliyekigusa. Kikaango kilichotumika ambacho hujui kimepita wapi, muulize jamaa kilikuwa kinatumika kwa nini. Kuna watu wanatumia vikaango hivi vikuukuu kuyeyushia risasi, ile metali, wanatengenezea vizito vya kuvulia samaki na vitu kama hivyo. Risasi inayeyuka kwenye digrii 327 tu, jiko la kawaida linaifikisha, na kikishatumika hivyo hakuna kukipika mafuta wala kukisugua kitakachokifanya kifae tena kwa chakula. Vipo vipimo vya kupangusa vya kuangalia risasi, kama historia ya chombo ina mashaka nunua.

Kijiko Kirefu

Duh hilo sikuliwaza. Nimempigia sasa hivi, anasema kilinunuliwa kipya na yeye mwenyewe, kilikuwa cha nyama na mayai tu, na mafuta alikuwa anapaka kila akimaliza kuosha anakifunika na kukiweka kabatini.

Mzee wa Moto

Umeona, kila akiosha anapaka na hafuti, halafu anafunika. Mafuta yakikaa hivyo muda mrefu bila moto yananata na kuchacha, na mfuniko unafungia unyevu kutu inajiotea. Baada ya kuosha kibandike jikoni kikauke kabisa, tone la mafuta, futa, weka kabatini wazi au weka karatasi katikati kama unakipanga na vingine.

Kijiko Kirefu

Wakuu narudi na mrejesho. Nimetumia kostiki kwa masharti yote mliyotoa, tabaka limetoka lote kama matope ya kahawia, mpini nimeusugua na stiliwaya, nikapaka na kufuta mpaka waifu akaniuliza nafuta nini sasa. Oveni imetoa moshi nusura jirani aje. Kimetoka cheusi kikavu, ukigusa hakuna unato hata kwenye kona. Kilichobaki, nyama inaachia vizuri ila yai bado linashika kidogo katikati, kuna haja ya kuongeza mikono mingine?

DadaSufuria

Hapana usiongeze, hapo tatizo limehama kutoka kwenye chombo limekuja kwa mpishi. Chuma hiki hakisambazi joto vizuri kama alumini, ukikiwasha moto mkali pale katikati juu ya moto panaungua wakati pembeni bado baridi, na yai linashika hapo hapo katikati kama unavyosema. Kiwashe moto mdogo kiache dakika tano au zaidi kienee taratibu, mafuta, ndo yai, na ukishaliweka usilibughudhi, likikaa chini litaachia lenyewe. Lile jaribio la kudondosha maji mpaka tone liwe duara likimbie kimbie ni la nyama, kwa yai hapo umeshapitiliza.

Na nyanya, limau, siki, vitu vya kuchemka muda mrefu na ukali, tumia sufuria nyingine kwa sasa. Ukali unakula tabaka likiwa bado changa na chakula kinapata ladha ya chuma. Kikikomaa nyanya za haraka haraka hazina neno.

Kemia Nusu

Na kwa wanaosoma, vyakula vikali ndo vinavyochomoa madini ya chuma mengi zaidi kuingia kwenye chakula. Kwa wengi haina shida, ila mwenye ule ugonjwa wa mwili kurundika madini ya chuma aongee kwanza na daktari wake.

kotambili

Na mwiko wa chuma je, au nao mtasema hauna shida?

fundi_vyuma

Hauna shida kaka. Hii sio nonstiki ya kukwanguka, mwiko wa chuma wenye ncha bapa unasawazisha vipele vidogo vya tabaka kadri unavyopika. Usichonge tu kama unachimba msingi.