Msaada: kiwango cha data za kahawa, mapendekezo yapi yaingie na yapi yasubiri?

Mlimani_Juu:
Wakuu, habari za jioni. Nipo Moshi, kwenye kamati ndogo inayoandaa kiwango, yaani kanuni za pamoja, cha kubadilishana data za kahawa, ili mfumo wa mizani wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima), wa kiwanda cha kukoboa na wa anayeuza nje vielewane bila mtu kuandika upya kwenye Excel. Tuliwaomba wadau walete matumizi wanayotaka. Yamekuja: kufuatilia mzigo mpaka shambani, historia ya mauzo iende SACCOS mkulima apate mkopo, QR kwenye paketi yenye picha ya mkulima, utabiri wa mvua, na mmoja anataka blokicheni, lile daftari la kidijitali la pamoja (ya nini, hakusema). Wenzangu wanataka tupige kura. Mimi naona atashinda aliyejaza watu kikaoni. Nyie mngechujaje?

Fundi_Sakina:
Achana na kura, mkuu. Muulize kila mleta pendekezo: nani anatuma, nani anapokea, na mpokeaji atafanya nini ambacho leo kinamshinda? Asipomtaja mpokeaji, huyo anaomba kitufe kipya kwenye programu yake, aende kwa fundi wake. Picha ya mkulima inaishia hapo, muuzaji anaweza kuiweka peke yake. Mvua vilevile.

Halafu uliza nani atajenga. IETF, wanaotunga viwango vya intaneti, kwenye waraka wao RFC 2026 wa mwaka 1996 walitaka programu mbili zilizotengenezwa mbalimbali na zinazoelewana kabla kiwango hakijapanda ngazi. Pendekezo lisilo na pande mbili tayari kulijenga msimu huu, lisubiri.

Kihamba_Data:
Naongezea hapo kwenye ufuatiliaji. Hilo mmeliandika kama pendekezo moja, kumbe yamo mawili, na ugumu wake haulingani.

La kwanza ni shamba lilipo. Kanuni ya Umoja wa Ulaya 2023/1115, ile ya kuzuia mazao yaliyotokana na ukataji misitu, inadai mahali pa shamba. Poligoni (mchoro wa mipaka ya shamba) ni lazima likizidi hekta 4, chini ya hapo nukta moja yenye desimali sita inatosha. Sasa niambieni, kihamba gani (shamba la nyumbani) cha huku Kibosho, Moshi, kina hekta 4? Mkilazimisha poligoni mnawabebesha makarani kazi ya bure. Ila angalieni mpangilio: GeoJSON, muundo wa faili za data za ramani, inaanza na longitudo, ramani nyingi za simu zinaanza na latitudo. Geuza nukta ya Moshi, 37.34 na -3.35, shamba linahamia Hispania, jirani na Granada, na mfumo haulalamiki kwa sababu nukta ni halali. Kwa hiyo kila pendekezo lije na mfano wa data halisi, nzuri na mbovu. Lisilo na mfano halijakomaa.

La pili ni mzigo kuchanganywa kiwandani. Kahawa ya vyama kadhaa inaingia, inatoka kwa madaraja: AA, A, B, PB. Msibuni lugha yenu hapo: EPCIS, kiwango cha kufuatilia bidhaa cha GS1 (shirika la misimbo pau), ina tukio la mageuzi, yaani rekodi ya mizigo iliyoingia na iliyotoka ikiwa imebadilika, tangu toleo 1.1 la 2014.

Mama_Mizani:
Wanangu, hiyo ya SACCOS ndiyo mkulima anaiulizia kila siku, msije mkaitupa. Mimi ni karani, nawaona dirishani.

Fundi_Sakina:
Mama, haitupwi, mpokeaji wake anajulikana. Ila kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, bila ridhaa ya mkulima msitume kitu. Na mtu mmoja ana namba ya chama, namba ya SACCOS, na majina matatu yanayoandikwa kila mahali kivyake. Malizeni suala la utambulisho kwanza.

Mlimani_Juu:
Nimewaelewa. Toleo la kwanza: mahali pa shamba na mchanganyiko wa mzigo. SACCOS toleo la pili, utambulisho tunaanza kuufanyia kazi sasa. Kikao kijacho hakuna kura, kila mtu aje na faili lake la mfano.

Mama_Mizani:
Kama ni data mbovu, ya msimu uliopita ninayo tele. Njoo ofisini na flashi, ila usije siku ya kupokea kahawa.