MJADALA: Je, ni sawa wachora manga kuwafanya walinzi wa Budha kuwa wapiganaji wa hadithi?

Wakuu, salaam. Kila manga (hadithi ya vibonzo ya Kijapani) ya RG Veda inapotajwa hapa jamvini, hoja inayoibuka ni ileile: kwamba CLAMP, kundi la wachoraji walioitunga, lilichukua viumbe watakatifu wa dini ya watu, likawapa mapanga na visa vya mapenzi, likavuna fedha, na kwa hiyo kazi za namna hiyo zipigwe marufuku. Wanaosema hivyo wanatuuliza kama tungevumilia watakatifu wetu wafanyiwe vilevile. Swali hilo ni zito na silipuuzi. Hata hivyo mimi nipo upande wa wanaotaka manga hii iachwe isomwe.

Kwa ambaye hajaisoma: ilianza kutoka Japani mwaka 1989 katika jarida la Wings, ikakamilika 1996 kwa vitabu 10. Ndiyo kazi iliyowatambulisha CLAMP, wachoraji wanawake. Jina lake ni la Veda, maandiko ya kale ya Kihindu, lakini wahusika wengi ni wale ambao Wajapani wamewajua kupitia Ubudha. Taishakuten, jina la Kijapani la mungu Indra, anamwua Mfalme wa Mbinguni na kutwaa kiti chake. Baada ya miaka 300 Yasha-ō, mfalme wa ukoo wa Yasha, anamwamsha mtoto Ashura aliyelazwa kwa nguvu za ajabu, na kwa sababu hiyo ukoo wake wote unachinjwa. Wawili hao wanaingia njiani kuwatafuta wale nyota sita ambao utabiri unasema wataiangusha mbingu iliyopo.

Wanaopinga wana ushahidi, tena nitawaongezea. Katika masimulizi ya kale kuna mwanamke aitwaye Shashi, binti wa Ashura, na huyo Ashura ni mtu mzima, si mtoto. Taishakuten anamchukua, baba anapandwa na hasira, vita vinaanza. CLAMP wakamfanya Shashi kuwa mke wa Ashura-ō, baba wa yule mtoto Ashura, anayemsaliti mumewe ili awe malkia wa mshindi. Hasira ya baba aliyenyang'anywa mtoto, ambayo ndiyo chanzo cha vita vyote, imeondoka kabisa. Anayesema hadithi imepinduliwa hasemi uongo.

Lakini nendeni Nara, Japani, kwenye hekalu la Kofuku-ji, mkamtazame Ashura aliyepo pale. Sanamu ile ni ya mwaka 734, mojawapo ya walinzi wanane wa Budha, imetengenezwa kwa vitambaa vilivyogandishwa kwa utomvu wa mti, ndani ni tupu. Wepesi huo uliwasaidia watu kuitoa hekalu lilipoungua, na Kofuku-ji limeungua mara nyingi. Ina nyuso tatu na mikono sita, na mikono miwili imekutanishwa kifuani. Ashura wa masimulizi ni jitu la vita, lenye ghadhabu isiyozimika. Huyu wa Nara ana mwili mwembamba wa kijana, mikono kama vijiti, na uso wa mbele umekunja nyusi kidogo tu, kama mtoto anayejizuia asilie. Aliyemchonga alimvua ghadhabu na kumpa majonzi. Alibadilisha kilichokuwepo, akiwa ndani ya imani ileile, na Wabudha wamemtunza karibu miaka 1,300. Mwaka 2009 alipopelekwa kwenye makumbusho ya taifa Tokyo, zaidi ya watu 900,000 walikwenda kumwona. Ashura mtoto wa CLAMP, mpole ambaye ndani yake umelala uharibifu, ni ndugu wa sanamu hiyo kuliko wa lile jitu la kale.

Najua nitaambiwa kwamba mchongaji alikuwa akiabudu na CLAMP walikuwa wakiuza. Ni kweli, na tofauti hiyo ina uzito. Ila tuangalie ni nani waliochorwa. RG Veda haimweki Budha uwanjani apigane. Waliomo ni miungu, maashura (majitu ya vita) na mayasha (aina ya mapepo), na katika Ubudha viumbe hao bado wamo ndani ya mzunguko wa kuzaliwa na kufa. Wanapenda, wanachukia, wanaonea, wanakufa. Kuna andiko la kale ambamo huyohuyo Indra, aitwaye Sakka, anamwendea Budha na kumuuliza kwa nini viumbe wanatamani kuishi bila uadui na bado wanaishi katika uadui. Budha anamjibu kwamba wamefungwa na husuda na uchoyo. Mfalme wa miungu ndiye aliyekuja kuuliza! Kwa hiyo kumchora akitenda dhambi ya kutwaa kiti cha enzi si kumzushia tabia ambayo dini yake inasema hawezi kuwa nayo.

Budha mwenyewe ni habari nyingine, na hapo nawaelewa wanaoumia. Mwaka 2019 huko Nakhon Ratchasima, Thailand, mwanafunzi wa chuo alichora Budha mwenye mwili wa Ultraman, yule shujaa wa televisheni ya Japani. Alisema nia yake ni kuonyesha kwamba Budha ni shujaa. Ikabidi amwombe radhi mtawa mkuu huku analia, picha zikaondolewa, na bado kundi moja likaenda polisi kutaka ashtakiwe. Huko Myanmar mwaka 2015 watu watatu walifungwa miaka miwili na nusu kwa kazi ngumu, kosa likiwa tangazo la baa lenye Budha aliyevaa vifaa vya kusikilizia muziki. Muumini kusema "mmeniumiza" ni haki yake, na msanii anapaswa kumsikiliza. Jela kwa ajili ya picha sikubali, na sioni jinsi marufuku mnayoidai itakavyoishia kwenye rafu za vitabu bila kufika mahakamani.

Sasa wakuu, anayetaka RG Veda ifungiwe anijibu jambo moja. Ikiwa kosa ni kumbadilisha Ashura, yule wa Nara tumhesabu upande gani? Na ikiwa kosa ni fedha, vipi tiketi zilizouzwa Tokyo mwaka 2009? Ningependa hasa kuwasikia wanaofuata Ubudha, au walioishi Japani, Thailand na Sri Lanka: mpaka kati ya Budha na walinzi wake mnauona kama ninavyouona, au kwenu wote ni watakatifu sawasawa?