Samora Avenue, Dar es Salaam: iliitwaje zamani?

Swali
Wakuu, nina picha za zamani za katikati ya Dar zisizo na tarehe. Nyuma ya moja pameandikwa Acacia Avenue, nyingine Independence Avenue. Nimeambiwa zote ni Samora hii hii. Ni kweli? Na je, majina hayo yanatosha kujua picha ni za miaka gani?

Jibu la 1
Ni kweli, barabara ni moja. Wajerumani waliiita Unter den Akazien. Waingereza walipouteka mji Septemba 1916 waliyaacha yale yale ya akasia, ikawa Acacia Avenue. Baada ya uhuru wa Desemba 1961 ikaja Independence Avenue. Baadaye ikapewa jina la Samora Machel, rais wa kwanza wa Msumbiji, aliyefariki kwa ajali ya ndege kule Mbuzini, Afrika Kusini, tarehe 19 Oktoba 1986. Na alistahili hasa: FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji alichokiongoza, iliundwa Dar, Juni 1962, na kambi yake kubwa ya mafunzo ilikuwa Nachingwea, kusini mwa Tanzania.

Jibu la 2
Mkuu, usitegemee maandishi ya nyuma peke yake. Kibao kikibadilishwa leo, midomo ya watu hubaki na jina la jana kwa miaka, kwa hiyo "Acacia" inaweza kuwa imeandikwa hata baada ya uhuru.

Anza na kilichomo ndani ya picha. Angalia makutano ya Samora na Azikiwe, penye Sanamu ya Askari, yule aliyeelekeza singe bandarini. Ilizinduliwa 1927. Makutano yakionekana wazi na sanamu haipo, picha ni ya kabla ya hapo. Ikiwepo, hamia kwenye magari: tafuta lile la toleo jipya kuliko yote, kwa sababu picha haiwezi kuitangulia gari iliyomo. Gari kuukuu halikusaidii kitu, lingeweza kutembea miaka 20. Halafu soma majina ya maduka kwa lenzi.

Jibu la 3
Nyongeza moja, maana hapa wengi huteleza: Independence Avenue siyo Mtaa wa Uhuru. Uhuru ni ule wa kutoka Mnazi Mmoja kwenda Ilala, na zamani uliitwa Kichwele. Ukichanganya hiyo miwili, picha ya upande wa Kariakoo utaipeleka Posta.

Ukiziskani, skani pande zote mbili, angalau nukta 600 kwa inchi. Chini ya hapo herufi ndogo za vibao huenda zisisomeke ukivuta karibu.