Ushauri: tairi za Corolla ya mzee, gari yenyewe inatoka mara moja moja

Pwani_Kusini (mwanzisha uzi)

Asalaam alaykum wanajamvi. Naomba ushauri hasa kwa waliozoea gari kongwe. Mzee wangu ana Corolla AE100, kaitunza tangu mie mdogo, injini nzima, bodi ndo hivyo chumvi ishaanza kula milango kwa chini. Tatizo tairi. Gari haitembei sana, Ijumaa mzee anakwenda nayo msikitini, mara moja moja bi mkubwa anapelekwa kliniki Mnazi Mmoja, na skukuu au kukiwa na shughuli familia nzima tunapakia tunakwenda Makunduchi. Siku nyengine zote imelala uani hapa Fuoni, Unguja, mbele chini ya mwembe, nyuma juani.

Sasa tairi ukizitazama meno bado marefu, unaweza ukasema mpya. Ila ubavuni zimejaa mipasuko midogo midogo, na kule chini kwenye mifereji kati ya meno mipasuko ipo vilevile, ukucha unaingia. Majuzi tunarudi shamba, tumeshapita Jozani, usukani ukawa unatetemeka tukifika themanini hivi, tukaja polepole mpaka nyumbani. Fundi wa pancha hapa mtaani anasema hizo nzima, tia upepo tu. Nimeuliza mpya, wanataka laki na kitu kwa moja, pahala pengine nimeoneshwa mtumba za Japani kwa nusu ya bei hiyo na zinang'aa kweli. Saizi imeandikwa 175/70R13 82S. Mzee anasema gari inayotoka mara moja kwa wiki aitilie tairi za bei za nini, na mie sina raha kuwapakia watoto nyuma. Tununue mpya au mtumba, mbili au nne? Na hii rimu 13 tuiache au twende 14, maana naambiwa 13 zinaadimika?

FundiAmani

Wa alaykum salaam. Kabla hujatoa hata shilingi chuchumaa hapo kwenye tairi tafuta herufi DOT ubavuni, zinafuatwa na herufi na namba nyingi, wewe zako nne za mwisho tu. Mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho mwaka, yaani ikiandikwa 3519 imetoka kiwandani wiki ya 35 ya mwaka 2019. Usipoziona upande wa nje ingia na tochi upande wa ndani, tairi nyingi wanaandika ubavu mmoja tu. Na ukikuta namba tatu badala ya nne hiyo ni ya kabla ya mwaka 2000, itupe. Angalia zote nne na spea halafu rudi hapa.

Ras_Nungwi

Yakhe msimtishe mtu. Mie mtumba za Japani ndo nnazotumia siku zote, Wajapani wanabadilisha mapema, meno yanakuwa yamebaki mengi tu, na gari yenyewe haitembei. Achukue mtumba nne abakishe pesa ya petroli.

Pwani_Kusini

Nimerudi. Tatu zinasema 1112, moja 4012. Ya spea imenichukua muda maana imeshika kutu kule chini, inasoma 0804. Kwa hiyo hizi ni za 2012, na spea ya 2004??

FundiAmani

Ndo maana meno marefu. Hazikuisha kwa kutembea, zimeisha kwa kukaa. Na ule mtetemo usiupuuze, inawezekana ni balansi tu (uzito wa tairi haukusawazishwa), inawezekana pia nyaya za ndani zimeachana na mpira na tairi imeanza kuota uvimbe. Inyanyue kwa jeki tairi moja moja, izungushe kwa mkono taratibu huku umeikazia macho, ukiona pahala panapanda na kushuka gari hiyo isitoke tena hapo uani mpaka ibadilishwe.

Na wewe Ras nakuheshimu, ila mtumba kwa gari hii haimfai. Gari ya daladala inamaliza meno mapema mno, pale umri hauna nafasi, tairi inakufa na kipara kabla haijazeeka. Gari ya mzee ni kinyume, haitamaliza meno maisha yake yote, kitakachoimaliza tairi ni miaka. Sasa anunue tairi ambayo miaka yake mitano sita ishaliwa na mtu mwengine huko Japani, kitu gani alichookoa? Hapa ananunua miaka, hanunui kilomita. Halafu jengine, mtumba nyengine za Japani zinatoka sehemu za theluji, zimeandikwa STUDLESS ubavuni, au zina alama ya mlima na chembe ya theluji ndani yake. Ule mpira umetengenezwa uwe laini kwenye baridi, ukiuleta kwenye lami ya Zanzibar saa nane mchana unalainika kupita kiasi, unaliwa haraka, na breki zake kwenye mvua si za kutegemea. Na kule kung'aa ni mafuta waliyopaka asubuhi.

BintiMkoani

Naunga mkono hapo. Huku Pemba gari ya shemeji yangu ilikuwa hivyohivyo, imelala nyumbani Mkoani, inatoka kwenye harusi na misiba. Tairi meno mazuri. Wanakwenda Wete, jua kali, wamepakia watu watano na vyombo, ngozi ya juu ya tairi ya nyuma ikabanduka yote, ikawa inapigapiga bodi mpaka ikang'oa plastiki ya bodi iliyo juu ya tairi na kupinda kingo ya bodi. Alhamdulillahi tairi yenyewe haikupasuka na walikuwa hawendi mbio, wakasimama pembeni. Nilipoiona ile ngozi ilikuwa kavu, ukiikunja inakatika. Kaka usiwapakie watoto kwenye hizo.

MpoleWaKiembesamaki

Niongezee sababu yake kidogo maana watu wengi hapa wanaona ajabu tairi isiyotumika kuharibika. Ndani ya mpira viwandani wanatia nta na dawa za kuzuia ozoni na oksijeni zisiule. Tairi ikizunguka inajikunja na kujikunjua, ile nta inapanda juu na kufanya utando wa kuulinda ubavu. Gari ikilala haipandi, na jua linaendelea kupiga, kwa hiyo ubavu unakauka na kupasuka. Kwetu kuna joto mwaka mzima, na joto ndo linaharakisha hiyo kazi. Kwa hiyo tairi mbili za tarehe moja, ya nyuma iliyokuwa juani na ya mbele iliyokuwa chini ya mwembe, wewe mwenyewe zilinganishe utaona.

Kuhusu umri, baadhi ya watengenezaji wa magari wanasema badilisha ikifika miaka sita. Michelin wao wanasema ikishatimiza mitano ipelekwe kwa fundi kukaguliwa kila mwaka, na ikifika kumi tangu itengenezwe itolewe hata kama kwa macho ni nzima, pamoja na spea. Kwa joto letu mie nashika ile sita. Za 2012 hazina mjadala.

Saizi sasa. 175 ni upana kwa milimita, 70 ni urefu wa ubavu kwa asilimia ya huo upana, 13 ni rimu. Ukipiga hesabu tairi yako ina kimo cha milimita 575 hivi. 175/65R14 inafika 583, tofauti ni kama asilimia moja na nusu, spidomita haitokudanganya sana. Kwa hiyo ukipata rimu 14 za Corolla zenye matundu sawa na zilizonyooka unaweza kuhama bila wasiwasi, na 14 utaipata kirahisi zaidi miaka inayokuja. Ila usihame kwa ajili ya urembo tu halafu ukanunua rimu zilizopinda. Hiyo 82 ni uzito, kilo 475 kwa kila tairi, na S ni spidi mpaka 180. Usishuke chini ya 82, ukipanda hapana ubaya. Herufi T au H ikiwa ndo iliyopo dukani chukua, lakini usilipie zaidi kwa sababu yake, mzee hafiki huko.

Ras_Nungwi

Haya nimeelewa hapo kwenye miaka. Lakini basi anunue mbili tu za mbele, ndo zinazovuta gari na ndo zinazogeuka.

FundiAmani

Zote nne ni za 2012 (na wiki ya 40 nayo 2012 hiyohiyo), akiacha mbili amebaki na tatizo nusu. Anunue nne. Ila kwa faida ya wengine wanaosoma, siku ukinunua mbili, zilizo bora zifungwe nyuma hata kama gari inavutwa na mbele. Najua mafundi wengi wanafanya kinyume. Mbele ikiteleza kwenye maji unahisi kwenye usukani, unaachia mafuta gari inarudi. Nyuma ikiteleza gari inageuka yenyewe na dereva wa kawaida haiwahi. Masika njia za shamba zinavyojaa maji mnazijua.

Pwani_Kusini

Ahsanteni sana, mmenifungua macho. Nimezungusha kwa jeki kama fundi alivyosema, ya nyuma kulia inapanda na kushuka waziwazi, na ndo iliyokuwa juani. Nimemwita mzee akaona kwa macho yake, hajasema neno ila ufunguo kaniachia mie. Sasa niambieni chapa gani nichukue, maana dukani zipo za Japani halisi bei juu na za China bei ya chini.

MpoleWaKiembesamaki

Kwa matumizi yenu usifukuzie tairi ya bei kubwa inayojisifu kwenda kilomita nyingi, hizo kilomita hamtozitumia. Chukua ya bei ya kati, chapa ambayo fundi wako ameifunga kwenye gari za watu na anazijua zinavyokaa kwenye mvua, iwe mpya na tarehe ya karibuni. Tarehe kwanza, chapa baadae. Chapa kubwa iliyokaa stoo miaka minne mie naiacha, nachukua ya kawaida ya mwaka huu au mwaka jana. Mwambie muuzaji akutolee zote nne uzisome DOT kabla hujalipa, akikataa nenda duka la pili. Zilizopangwa nje ya duka juani zipite.

Chukwani_Garage

Mie nafunga tairi, naomba wakati wa kufunga usimame hapohapo. Gari za pwani rimu za chuma zinakula kutu pale mdomo wa tairi unapokalia, ukifunga tairi mpya juu ya kutu upepo utakuwa unatoka kidogokidogo na baada ya wiki mbili gari imekaa chini. Mwambie asugue kwa brashi ya waya mpaka chuma kionekane, apake rangi, apake na gundi ya mdomo. Na valvu zibadilishwe zote, ni za mpira na zimezeeka pamoja na tairi. Asikutilie tyubu ndani ya tairi ya tyubulesi (isiyotumia tyubu) kwa kukwepa kusugua kutu, tyubu inasuguana ndani inapata joto na ikitoboka inaachia upepo wote kwa mpigo. Baada ya hapo balansi, na alaimenti (magurudumu yakae sawasawa) ukaangalie.

Upepo usikubali paundi 40 (PSI) za fundi wa pancha, soma kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva, na upime asubuhi tairi baridi. Tairi nzima inapoteza paundi moja au mbili kwa mwezi bila ya pancha, kwa gari inayolala lazma upime kila mwezi. Na ile tabia ya kupaka dizeli au mafuta ya breki ziwe nyeusi muache, zinaharibu mpira.

BintiMkoani

Na mzee aitembeze hata wiki ambayo hana safari, aende mpaka Tunguu arudi, si kuiwasha tu pale uani. Ikikaa pahala pamoja muda mrefu tairi zinakaa bapa upande wa chini. Juani huko nyuma tundikeni hata turubali.

Pwani_Kusini

Inshaallah Jumamosi nakwenda na fundi wa mtaani mwengine, nitaweka hapa namba za DOT nilizopata. Tumekata shauri kubaki na 13 kwanza maana rimu zetu zimenyooka, na tunanunua tano si nne, ile ya 2004 nisingependa kuitegemea usiku njia ya Kitogani.

FundiAmani

Vizuri sana hapo kwenye tano. Ukishafungiwa tembea kama kilomita hamsini mpaka mia halafu kaza nati tena zote, rimu zilizopigwa brashi na rangi mpya zinakaa kidogo. Jaribu na spana yako mwenyewe kama inafungua, nati zilizokazwa kwa mashine usiku njiani hazitoki.