Lori likipita mtoto anavaa viatu: kuna dawa ya kufuta hofu? Naomba ushauri

MamaMajengo, Goma
Jambo yenu ndugu. Mwanangu alikuwa na miaka 4 volkano ya Nyiragongo ilipotapika moto, tarehe 22 Mei 2021. Anga lilikuwa jekundu usiku kucha, na siku zilizofuata ardhi ilitetemeka mfululizo. Tarehe 27 tulipoamriwa kuhama, nilimbeba mgongoni mpaka Sake.

Hadi leo lori zito likipita, sahani zikaanza kugongana mezani, anaamka na kutafuta viatu. Halii, hasemi neno. Anavaa viatu na kusimama mlangoni. Usiku anavilaza kando ya mto wa kulalia.

Muuza dawa wa mtaani kaniambia kuna kidonge cha moyo kinachofuta kumbukumbu ya hofu. Ni kweli? Nimpe?

MwanafunziUdaktari, Bukavu
Mama, pole sana. Usimpe kwanza. Anasumbuliwa na pumu?

MamaMajengo, Goma
Ndiyo, tangu utotoni. Moshi ukizidi jikoni anakohoa mpaka asubuhi.

MwanafunziUdaktari, Bukavu
Basi usimpe kabisa, mama. Kidonge hicho nadhani ni propranololi. Kinaweza kubana njia za hewa za mwenye pumu, na hilo ni hatari kwa maisha yake.

Habari ya kufuta hofu ilitoka wapi? Ndani ya ubongo kuna amigdala, kijisehemu chenye umbo la lozi. Mtetemo na kitisho vikifika pale kwa pamoja, seli moja inamwaga glutamati, kemikali ya kupeleka ujumbe, juu ya nyingine. Kwenye seli inayopokea kuna mlango unaoitwa NMDA, na haufunguki kwa ishara moja: unataka glutamati, na seli yenyewe iwe imeshaamka. Ukifunguka, kalsiamu inaingia, protini iitwayo CREB inawasha jeni, na kwa muda wa saa kadhaa seli inatengeneza protini mpya za kukaza kiungo kati ya seli hizo mbili. Noradrenalini, ile inayotufanya moyo udunde, inakaza zaidi. Ndiyo maana mtoto anaweza kusahau jana alikula nini, lakini mtetemo ule hausahau.

Mwaka 2000 watafiti wa ubongo Karim Nader, Glenn Schafe na Joseph LeDoux walionyesha kwamba panya akikumbushwa hofu, kumbukumbu inalegea na inahitaji protini upya ili ikae tena. Wakizuia protini hizo kwenye amigdala, hofu inapungua sana. Kwa kuwa propranololi inazuia noradrenalini, watu wakaijaribu kwa binadamu wakifuata wazo hilo, na majibu yamekuwa yakipingana. Panya wa maabara si mtoto wako.

YayaWaKadutu, Bukavu
Mdogo wangu alikuwa hivyohivyo. Tulikosea: tulimkaripia, tukamficha viatu. Akawa halali kabisa. Usimnyang'anye viatu, mama, ndivyo vinavyompa usingizi.

MwanafunziUdaktari, Bukavu
Yaya kasema vizuri. Hofu ya zamani haifutwi. Ubongo unajifunza jambo la pili, kwamba mtetemo huu hauleti moto, na sehemu ya mbele ya ubongo inaituliza amigdala. Hilo nalo linapita kwenye mlango uleule wa NMDA, kwa hiyo linataka kurudiwa tena na tena, mahali pengi. Akizoea nyumbani tu, anaweza kushtuka upya shuleni. Anzeni kuangalia malori mchana, mkiwa wawili, kwa mbali, na yeye ndiye aseme lini mnasogea. Mtafute pia mwanasaikolojia anayetibu watoto. Kuna tiba ya mazungumzo inayofuata njia hii hatua kwa hatua.

MamaMajengo, Goma
Aksanti sana, baba. Kidonge nimekirudisha. Jana jioni tulikaa kwenye jiwe la lava karibu na barabara. Lori la kwanza alinishika mkono mpaka ukauma. La pili akauliza limebeba nini, nikamjibu saruji. La tatu aliweka kiganja juu ya jiwe, akangoja lipite, akasema: "Limeisha." Usiku viatu vilikuwa bado kando ya mto, sijavigusa.